Nani Alipaka Nta?



Somo la kutafakari: Yohana 13:1-15

Leo tujifunze utumishi kupitia mchezo ambao huku kwetu Masasi na Newala hatuuchezi: mbio za kuteleza kwenye theluji. Najua, hata asubuhi zile za ukungu pale Newala, karibu na Shimo la Mungu, theluji hatuioni. Nivumilieni kidogo.

Kilichonifikisha huko ni swali. Katika mwaka wangu wa kichungaji namsaidia mwalimu kuandaa wakimbiaji wa UMISSETA. Binti mmoja alikosa nafasi kwa sekunde chache tu. Mwalimu akamwomba abaki na timu, asaidie maji na kushika saa. Akaniuliza, "Frateri, kwa hiyo mimi sasa ni wa kubeba ndoo?" Jamani, si swali dogo. Hata parokiani tunajiuliza kimoyomoyo: kwa nini mwenzangu aimbe peke yake mbele, mimi nipange viti?

Tuanze na nta. Mchezaji wa theluji hufunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba. Kabla ya mbio, mtu mwingine huziweka mezani, huyeyusha nta kwa pasi ya moto, huiacha ipoe, huikwangua, kisha huisugua kwa brashi. Hiyo ni ya kuteleza. Kwa mtindo wa kale, katikati, chini ya mguu, hupakwa nta nyingine ya kushika, ili mtu apande mlima bila kurudi nyuma. Theluji kavu ya baridi kali hutaka nta ngumu. Theluji yenye majimaji hutaka nta laini ya kunata. Mpakaji akichagua vibaya, hata bingwa atahangaika. Akichagua vizuri, anayetangazwa ni bingwa.

Darasani tulisoma kwa Aristotle kwamba kitu kimoja huwa na sababu zaidi ya moja. Medali nayo ni hivyo hivyo: shingo ni moja, mikono ni mingi.

Jirani yetu Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza mchezo huu. Februari 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, alikimbia kilomita 10 na kumaliza wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alikuwa bado yupo mwisho wa njia, akimngoja ili amkumbatie. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Yaani aliyekuwa wa kwanza alijua kwamba mbio hazijaisha hadi wa mwisho afike.

Sasa rudi kwenye somo letu. Usiku ule Yesu angeweza kuchagua kazi yoyote. Alichagua miguu. Alichukua beseni, maji na kitambaa, akainama. Zingatia: hakufanya hivyo kwa sababu alikosa nafasi ya juu. Alikuwa Bwana, na akiwa Bwana aliinama. Kwa hiyo utumishi si zawadi ya kumfuta machozi aliyeshindwa. Ni kazi aliyoishika Bwana mwenyewe.

Sisemi kukosa nafasi hakuumi. Kunauma. Mweleze Yesu hivyo hivyo, bila kupamba. Kisha shika ndoo, maana mwenzako ana kiu kweli, na bila maji hafiki.

Na wewe unayekimbia, usivuke mstari ukaondoka zako. Geuka nyuma, umngoje wa mwisho. Halafu mtafute aliyekuandaa, umshukuru kwa jina.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya
1. Ni nani "alikupakia nta" mwaka huu, na hujamshukuru?
2. Ni kazi gani unaikwepa kwa sababu haionekani?

Tusali: Ee Yesu, uliyeinama miguuni petu, utupe mikono isiyochagua kazi na macho yanayomwona wa mwisho. Amina.