Chuo Kikitaka Kujichapia

Kosa kubwa ni kuanza na mashine. Kamati inavutiwa na mtambo wa ofseti wa rangi nne, fedha zinatoka, kisha mtambo unafunikwa turubai kwa sababu jengo halina umeme wa fezi tatu wala fundi wa kuuendesha. Anza na kazi yenyewe. Kaa na ofisi ya mitihani, msajili, maktaba na wakuu wa idara, mwandike kila kilichochapwa mwaka jana: kitu gani, nakala ngapi, mwezi gani.

Tuchukue chuo chenye wanafunzi 6,000, kila mmoja akifanya mitihani 5 kwa muhula. Hapo vinahitajika vijitabu vya majibu 30,000. Kijitabu cha kurasa 16 za A4 hutokana na karatasi 4 za A3 zilizokunjwa na kupigwa pini katikati. Jumla ni karatasi 120,000, yaani rimu 240. Rimu ya A3 ya gramu 80 ina kama kilo 5, kwa hiyo kazi hii moja inaleta tani 1.2 za karatasi mlangoni. Chumba cha ghorofa ya tatu hakifai tena. Tafuta cha chini, chenye sakafu ya zege na mlango unaopitisha toroli.

Vijitabu hivyo vyote vinafanana na vina mistari myeusi tu. Kazi ya namna hiyo ni ya mashine ya kudurufu, kama Risograph, inayotengeneza masta, yaani kiolezo cha ukurasa, mara moja na kuchapa maelfu ya nakala kwa gharama ndogo. Kwa mwendo wa karatasi 100 kwa dakika, karatasi zile 120,000, pande zote mbili, zitachukua saa 40. Ni wiki moja ikiwa hakuna kukwama. Mimi ningetenga mbili. Karatasi za maswali ni habari nyingine. Kozi ina wanafunzi 40, na kutengeneza masta kwa nakala 40 ni hasara. Hizo zipe mashine ya kidijitali inayotumia tona, ichape pande mbili na kupiga pini yenyewe. Ofseti iache mpaka kazi za rangi zifike maelfu, maana kabla rangi hazijakaa sawa karatasi nyingi hutupwa. Kalenda na vitabu vya mahafali vinaweza kuendelea kwenda kwa mchapaji wa mjini, wala si aibu.

Bei ya ukurasa mmoja ijumlishe karatasi, wino, vipuri, umeme, mishahara na uchakavu wa mashine, kisha ilinganishwe na ya stesheneri ya getini. Idara zitozwe bei hiyo kwenye mafungu yao. Kuchapa kukiwa bure, kila mtu atachapa asichokihitaji.

Dar es Salaam, Tanga na Unguja, adui wa kila siku ni unyevu. Karatasi huunyonya, kingo zikapinda, mbili zikaingia pamoja na mashine ikakwama katikati ya kazi ya haraka. Rimu zibaki kwenye vifungashio, juu ya mbao, mbali na ukuta, na zilale siku nzima katika chumba cha kuchapia kabla ya kufunguliwa. Nunua kipima unyevu, ulenge asilimia 50 hivi. Dodoma wakati wa kiangazi shida ni kinyume: hewa kavu huzipa karatasi chaji ya umeme zikagandana.

Mashine ya kukatia iwe na vitufe viwili vya kubonyezwa kwa mikono yote miwili, na yeyote atakayefunga kimoja kwa gundi aondolewe kazini siku hiyo. Mhadhiri akileta kitabu kizima cha mtu mwingine kitolewe nakala, jibu liwe limeshaandikwa ukutani: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi.

Kwa mitihani, tenga chumba chenye funguo mbili, za watu wawili tofauti. Nakala zilizoharibika zihesabiwe na kusagwa papo hapo, pamoja na masta zilizotumika ikiwa mtihani wa kozi kubwa umedurufiwa, kwa kuwa maswali husomeka juu yake. Na mashine nyingi za kidijitali huhifadhi kurasa kwenye diski ya ndani. Ukikodi mashine, mkataba useme diski itafutwa au itabaki chuoni, kabla mashine haijapakiwa kwenye gari la mwenyewe.