Jua, Mifupa na Virusi vya Ukimwi

Katika soko la Himo, pale barabara ya Holili inapoachana na ile ya Same, jua la adhuhuri huwaka kwa ukali. Mtu aweza kudhani kwamba mahali kama hapo hakuna awezaye kupungukiwa na vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza yenyewe ipigwapo na jua. Dhana hiyo si sahihi. Mwenye duka hushinda kivulini. Mavazi hufunika mwili. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Tena efavirenzi, dawa iliyotumiwa sana miaka ya nyuma dhidi ya Virusi vya Ukimwi, hupunguza vitamini hiyo mwilini.

Vitamini D, baada ya kugeuzwa na ini na figo, huuwezesha utumbo kufyonza madini ya kalsiamu kutoka katika chakula. Kalsiamu ikipungua katika damu, mwili huichukua kutoka katika mifupa, nayo hudhoofika. Kwa mwenye virusi hatari huzidi: virusi vyenyewe huchochea ubomoaji wa mifupa, na tenofoviri, iliyomo katika kidonge kinachotumiwa na wengi nchini, huweza kuzifanya figo zipoteze fosforasi. Katika miaka 2 ya mwanzo ya matibabu, madini ya mifupa hupungua kwa kiasi cha 2 hadi 6 kwa mia. Kisha kwa kawaida upungufu hutulia.

Je, vidonge vya vitamini D vyafaa nini? Jijini Dar es Salaam watu wazima 4,000 walioanza dawa, wote wakiwa na vitamini D pungufu, waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa vitamini D3 kwa mwaka 1, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba vitamini hiyo haikupunguza vifo wala kifua kikuu.

Basi vitamini D ni msaada wa mifupa, si silaha dhidi ya virusi. Humfaa aliyepungukiwa, ikizidishwa mno, hudhuru figo.

Mwenye virusi asiache dawa kwa kuhofia mifupa, kwani kuziacha ni hatari kubwa zaidi. Ale maziwa na dagaa, atembee juani kwa kiasi, apunguze mbege na sigara, na maumivu ya mifupa ayaeleze kwa daktari mapema.