Cheti cha Kidijitali na Siri ya Mgonjwa

Mgonjwa anapofungua majibu yake ya maabara kwa simu, kivinjari hudai kwanza kuona cheti cha kidijitali cha tovuti ile. Cheti hicho hubeba jina la tovuti, ufunguo wake wa umma, tarehe ya mwisho wa matumizi na saini ya mamlaka iliyokitoa. Kivinjari kina orodha ya mamlaka kinazoziamini. Saini ikithibitika, mawasiliano hufumbwa kwa msimbo, na aliye njiani hawezi kuyasoma.

Imani hii huweza kuvunjika kutoka juu. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakatoa vyeti vya uongo, kikiwamo cha Google kilichotumiwa kuwapeleleza watu nchini Iran. Vivinjari viliifuta katika orodha zao, na Septemba haikwisha kabla kampuni haijafilisika.

Kwetu sisi hatari iliyo karibu ni nyingine. Cheti huthibitisha jina la tovuti, si uaminifu wa mwenyewe; tapeli naye hupata cheti halali, tena bila malipo, kwa jina linalofanana na la hospitali. Basi soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kuandika nywila. Onyo la cheti likitokea, tazama tarehe ya simu, maana simu yenye tarehe potofu hukataa hata cheti kizuri. Tarehe ikiwa sahihi, mhudumu asilipuuze onyo kwa sababu foleni ni ndefu: amwite fundi wa mifumo, na majibu, hasa ya VVU, yasubiri au yapelekwe kwa mkono.