Mwongozo kwa Wachambuzi wa Taka, Eldoret

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale pale zinapozalishwa. Hata hivyo, magunia yanayotoka Langas au Huruma bado yana kila kitu: chupa, katoni, nepi, maganda ya viazi, hata sindano.

Kwa hiyo usitumbukize mkono ndani ya gunia. Limwage, tandaza taka kwa reki, kisha toa sindano, nyembe, vioo na betri. Glavu nyembamba za hospitali hazizuii sindano. Vaa nzito, pamoja na gambuti na barakoa. Ukichomwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, umwarifu msimamizi, uende hospitalini siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Karatasi na katoni zitangulie kutolewa, kwa kuwa mvua za huku hazina subira. Zilizolowa mafuta hazifai. Zilizo safi ziwekwe juu ya mbao, chini ya paa. Kwa vyuma tumia sumaku: mkebe wa chuma utanasa, wa alumini hautanasa.

Kazi ngumu ni plastiki. Viwanda vikubwa ng'ambo huitambua kwa miale isiyoonekana. Hapa ni macho na vidole, navyo vinatosha kwa anayejua anachotafuta. Soma namba iliyo ndani ya pembetatu. Chupa za maji na soda ni 1, mitungi ya sabuni aghalabu ni 2, vifuniko na ndoo nyingi ni 5. Namba ikiwa imefutika, kata kipande ukitie majini: 2 na 5 huelea, 1 huzama.

Tatizo ni kwamba namba 3, plastiki ya mabomba, nayo huzama. Ikiyeyushwa pamoja na namba 1 hutoa asidi inayoharibu mzigo mzima. Geuza chupa utazame kitako: ya namba 1 huwa na kitone katikati, ya namba 3 huwa na mstari wa kiungo. Ukiwa na shaka, itenge.

Mwaga maji yote kabla ya kufunga robota. Mnunuzi halipii maji.

Vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Visipotolewa, usifungue gunia.