Mwanao Akikuambia Anampenda Mvulana Mwenzake

Somo: Warumi 1:18 hadi 2:4, Luka 15:11-32

Swali hili nimeletewa na wazazi zaidi ya mmoja hapa Chewele, kila mara kwa sauti ya chini: "Pasta, mwanangu anasema anampenda mvulana mwenzake. Nimfukuze?" Kwa sababu hakuna anayeuliza mbele ya watu, nalijibu hapa.

Wengi tunakimbilia Warumi 1, mstari wa 26 na 27. Sawa, imo. Lakini Paulo hakuandika sura. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ulitengenezwa karne ya 13, zaidi ya miaka 1,000 baadaye. Barua ilisomwa moja kwa moja, na ile orodha ya dhambi ikiisha tu, Paulo anamgeukia yule msikilizaji aliyekuwa akiitikia "Amina!" anamwambia naye hana udhuru anapohukumu. Na ndani ya orodha wamo wasengenyaji na wasio na rehema. Hapo sijui nani kati yetu amebaki nje.

Sasa tuone hukumu yetu inazaa nini. Februari 2010 kule Mtwapa, mji ambao basi letu la Mombasa linapita, ulienea uvumi kwamba wanaume wawili watafunga ndoa. Viongozi wa dini, wa Kikristo na wa Kiislamu, wakalishika na kulisema hadharani. Umati ukazingira kliniki ya KEMRI iliyokuwa ikihudumia watu wa virusi vya Ukimwi. Watu walipigwa, mmoja karibu achomwe moto. Harusi yenyewe haikuonekana. Wapendwa, waliotangulia pale walikuwa watu wa madhabahu kama mimi.

Wengine wanauliza kuhusu sheria. Kifungu cha 162 kinaadhibu tendo hadi miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini hakuna sheria ya Kenya inayomruhusu baba, mjomba au kundi la vijana kumpiga mtu. Hilo nalo ni kosa.

Kanisa letu linafundisha kwamba ndoa ni ya mume na mke, na mimi nafundisha hivyo. Ila kuna kijana (tafadhali usijaribu kukisia ni nani) aliyeniambia ameomba tangu darasa la saba jambo hili limtoke. Amefunga, amewekewa mikono. Halijatoka. Na si tamaa tu, manake mwenzake alipolazwa na malaria yeye ndiye aliyekesha naye. Anampenda Yesu na anampenda huyo mtu, na anaogopa kwamba lazima apoteze mmoja. Mimi sikuwa na jibu rahisi la kumpa, na namshuku pasta aliye nalo.

Naamini maombi. Lakini kumkemea mtoto pepo kila Ijumaa mbele ya majirani si maombi, ni aibu ya hadharani. Marekani kulikuwa na huduma kubwa ya Kikristo, Exodus International, iliyofanya kazi ya kuwabadilisha watu kama hawa tangu 1976. Ilifungwa 2013. Kiongozi wake, Alan Chambers, ambaye ni muumini, aliomba radhi, na alikiri kwamba karibu wote aliokutana nao mvuto wao haukubadilika. Walikuwa na pesa, washauri na miaka zaidi ya 35. Sisi tunataka matokeo kwa kesha moja?

Nilisoma biashara chuoni, kwa hivyo nisamehe nikipiga hesabu. Ukimfukuza leo, usiku analala wapi? Atapanda gari la Malindi au Mombasa bila nauli ya kurudi, na atakayempokea huko humjui. Umepoteza mtoto, na dhambi uliyoogopa hujaizuia. Baba wa Luka 15 hakumfukuza mwanawe. Mtoto aliondoka mwenyewe, na hata hivyo baba alimwona angali mbali, maana yake alikuwa akiangalia barabara.

Kwa hiyo mzazi: usimfukuze, usimpige, usimwoze kwa lazima (utaumiza na binti wa watu), usimtangaze kwenye kikundi cha WhatsApp. Mpe chakula kama jana. Akitaka kuzungumza, niko ofisini Jumatano alasiri, na yatakayosemwa yatabaki hapo.

Kwenye vikundi vya nyumbani wiki hii, someni Warumi 1:18 hadi 2:4 bila kusimama, halafu Luka 15. Asitajwe mtu yeyote kwa jina.