Chanjo Inayomlinda Jirani
Kijitabu cha elimu kwa wakazi na wafanyabiashara wa Mchafukoge na Kariakoo

Mfanyabiashara ametoka Tabora kuja Kariakoo kuchukua mzigo. Analala gesti Mchafukoge siku mbili. Hana homa, anakula vizuri, anazunguka madukani kuulizia bei. Hata hivyo, damu yake inaweza kuwa na vimelea vya malaria. Mbu akimuuma leo, kisha wiki mbili baadaye akamuuma mtoto wa mwenye nyumba, malaria imefika mjini bila kukata tiketi.

Mfano wa Tabora hatukuuokota njiani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta na vimelea takriban watoto 23 katika kila 100 mkoani humo, wakati wastani wa nchi ulikuwa 8. Dar es Salaam iko chini sana ya wastani huo. Wala si kila mbu wa kulaumiwa: wengi wanaotupigia kelele usiku hapa mjini ni kuleksi, wazaliwa wa chemba na mitaro michafu, na hao hawaambukizi malaria. Mwenye kazi hiyo ni anofelesi, tena jike tu.

Tumboni mwa mbu kuna nini?

Baadhi ya vimelea vilivyo ndani ya damu hugeuka kuwa dume na jike. Hukomaa kwa siku 10 hadi 12, na havimletei mtu homa. Vinasubiri mbu tu. Vikishanyonywa, dume hutoa hadi mbegu nane ndani ya dakika 20 hivi. Mbegu hurutubisha jike, na kimelea kipya hutoboa ukuta wa tumbo la mbu, kikajenga kifuko na kuzaliana humo. Baada ya siku 10 hadi 14 watoto wake wamefika kwenye mate ya mbu.

Hapo tumboni ndipo watafiti wanapotaka kufunga njia, kwa chanjo ya kuzuia maambukizi. Mtu akichanjwa, mwili wake hutengeneza kingamwili. Mbu akimuuma huzinywa pamoja na damu, nazo huzuia vimelea visirutubishane au visikue. Protini mbili zinazolengwa zaidi ni Pfs25 na Pfs230. Pfs25 hujitokeza kimelea kikiwa ndani ya mbu, kwa hiyo mwili wa binadamu hauzoeani nayo, na kinga ikishapungua hakuna cha kuikumbusha. Pfs230 ipo tangu kimelea kikiwa ndani yetu. Chanjo za protini hizi zimejaribiwa kwa watu nchini Mali, lakini bado hazijaanza kutolewa kwa wananchi.

Ukimkuta mtafiti aliyemaliza shahada ya uzamivu anafanya kazi hii, pengine utamkuta anahesabu vifuko. Huwanywesha mbu damu yenye kingamwili na vimelea kupitia utando mwembamba, damu ikiwa na joto la mwili. Baada ya wiki moja hivi hupasua matumbo yao chini ya hadubini, mbu mmoja mmoja. Inachosha macho. Kwa jirani zetu wa Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki majaribio ya chanjo za RTS,S na R21, lakini hizo humkinga aliyechanjwa.

Je, nikichanjwa hii ya kuzuia maambukizi, sitaugua?

Unaweza kuugua. Tunalisema waziwazi, maana anayedhani amekingwa hukitupa chandarua. Faida yake humfikia jirani, na itaonekana pale tu watu wengi wa mtaa watakapochanjwa. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wanataka kuiunganisha na chanjo inayomkinga mwenyewe.

Kwa sasa, ukitoka safari ukapata homa, nenda zahanati upimwe kabla ya kununua dawa dukani. Ukikutwa na malaria ukapewa dawa mseto, dozi ni siku 3: imalize, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.