Gego la Mwisho na Usingizi wa Nusukaputi

Sisi wa kidato cha tatu na cha nne tumefika umri ambao somo hili linatuhusu. Mtu mzima huwa na meno 32. Manne ya mwisho, moja kila pembe ya mataya, huota kati ya miaka 17 na 25 hivi. Hayo ndiyo magego ya mwisho, na wengine huyaita meno ya hekima kwa kuwa huja mtu akishakomaa. Wako wasioyaota kabisa, na huo si ugonjwa.

Fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai, Tanzania, mwaka wa 1959, lina magego makubwa ajabu. Yale ya mwisho yalikuwa hayajamaliza kuota, ndipo wataalamu wakajua kwamba alikufa akiwa kijana. Taya lake lilikuwa na nafasi. Letu ni dogo, na mara nyingi gego hili hukosa mahali. Hulala ubavu likimsukuma jirani yake, au hutoa kichwa nusu na nusu ikabaki chini ya ufizi.

Hapo ndipo taabu huanza. Maganda ya mahindi ya githeri huingia chini ya ufizi huo na mswaki haufiki. Ufizi huvimba, hufanya usaha, na kinywa hakifunguki. Dada yangu alikunywa uji kwa kijiko wiki nzima, huku majirani wakimshauri aweke karafuu. Karafuu hutuliza maumivu kidogo, lakini haiondoi usaha. Uvimbe ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya pumzi na kuua. Ukiona huwezi kumeza mate, au pumzi inakuwa nzito, usingoje kesho. Nenda hospitali usiku huo huo.

Daktari hupiga picha ya eksirei aone jino limelalaje. Mengi hung'olewa kwa sindano ya ganzi tu, mgonjwa akiwa macho. Lakini yakiwa yamezama ndani ya mfupa, au yakiwa manne kwa mara moja, mgonjwa anaweza kupewa nusukaputi.

Wanachama wa Kiswahili, tazameni neno hili! Nusu ni la Kiarabu. Kaputi ni la Wajerumani, na kwao maana yake ni kuharibika kabisa. Basi watu huogopa wakidhani ni kufa nusu. La hasha! Dawa hupitia kwenye mshipa wa mkono, mgonjwa hulala, kisha hupitishiwa mpira wa kupumulia, mara nyingi puani ili kinywa kibaki wazi. Mtaalamu wa usingizi hukaa kando yake akiangalia pumzi na mapigo ya moyo mpaka aamke. Waliofanya usingizi wa namna hii ujulikane ulimwenguni walikuwa madaktari wa meno wa Marekani, Horace Wells mwaka wa 1844 na William Morton mwaka wa 1846.

Sharti kubwa ni tumbo tupu. Kwa kawaida mgonjwa haruhusiwi chakula kwa saa sita au zaidi kabla ya usingizi. Asubuhi ile nyanya alimletea dada uji wa moto, akisema mtu hawezi kukatwa na njaa. Dada alikataa kwa heshima, na alifanya vyema, kwa maana mtu aliyelala hawezi kujikinga akitapika. Chakula kikiingia mapafuni ni hatari kubwa.

Baada ya kung'olewa, uma kitambaa ulichopewa mpaka damu ikome. Siku ya kwanza usisukutue wala usivute kinywaji kwa mrija, kwa sababu damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha kidonda. Ikitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu yake hayasemeki. Kuanzia siku ya pili, sukutua polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na ule vyakula laini.

Gego la mwisho lisilosumbua huachwa, maana si kila jino ni adui. Likitolewa, pengo lake halitupunguzii utafunaji. Lakini likiozesha gego la jirani, hilo ndilo la kutafunia, na wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.